Ukipiga simu nyumba ipo, ukifika imeshachukuliwa

Sisi tulioko huku Marekani stori hii tunaijua. Unaona tangazo la apatimenti, unatuma meseji, unajibiwa fasta njoo kesho uione, sasa kesho ukitokea na weusi wako na lafudhi yako ya nyumbani, mwenye nyumba anakukagua juu mpaka chini halafu anakwambia pole, imepata mtu asubuhi hii hii. Tena anatabasamu. Na tangazo bado liko hewani wiki nzima!

Kinachoniudhi ni vile tunasema aah, haikuwa riziki, tunasonga. Riziki gani hapo? Kumwambia mtu nyumba haipo wakati ipo, kisa rangi yake, ni kosa kwenye Fair Housing Act ya 1968, sheria ya Marekani inayokataza ubaguzi kwenye nyumba, ile Rais Johnson aliisaini wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Uongo wenyewe ndo kosa. Kule karibu na Richmond, Virginia, mwaka 1978 dada mmoja mweusi, Coleman, alikwenda kuulizia nyumba akaambiwa hakuna, mzungu aliyeulizia naye akaambiwa zipo. Na wote wawili hata hawakuwa na shida ya nyumba, walikuwa wanaipima tu kampuni iliyokuwa inapangisha, waone kama inabagua! Kesi ikafika Mahakama ya Juu, 1982 majaji wakasema Coleman ana haki ya kushtaki, maana alidanganywa.

Kwa hiyo na wewe mwombe mzungu wa kazini kwako apige simu siku hiyo hiyo aulizie chumba kile kile, piga skrinishoti za tangazo na meseji, andika tarehe na jina la uliyeongea naye. Malalamiko unapeleka HUD, ile wizara ya nyumba ya Marekani, bure, ndani ya mwaka mmoja, mahakamani una miaka miwili. Ukiogopa kulipiziwa, kulipiza nako ni kosa.

Ila na sisi tujiangalie jamani. Kuna watu wetu wamenunua kajumba, wanaishi chini wanapangisha juu, wanaposti kwenye grupu la WhatsApp "natafuta mpangaji, Mkenya tu" au "Wakongo hapana". Sheria imeachia mwanya kidogo kwa mwenye nyumba anayeishi humo humo, lakini mwanya huo haugusi matangazo, na kwenye rangi kuna sheria nyingine ya 1866 inaubana kabisa. Ile posti yako, ndugu yangu, ni ushahidi.