Dabo si mara mbili kila mahali
Kuna mwandishi ameandika kwamba dabo, yaani "double time" ya Kiingereza, ni mara mbili tu, iwe kwenye gwaride, kwenye malipo au kwenye muziki. Hapana. Jeshi la Marekani, ambako mwendo wenyewe unaitwa hivyo, mwendo wa haraka ni hatua 120 kwa dakika na wa dabo ni 180, yaani moja na nusu! Sisi tuliopita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) Makutupora tunaujua kama mchakamchaka, na saa 11 alfajiri, kwa ule upepo wa Dodoma, hakuna aliyekuwa anahesabu hatua. Kwenye malipo ndiko watu wanakoumizwa. Sheria ya Ajira ya Tanzania ya 2004 inasema saa za ziada zilipwe si chini ya moja na nusu ya malipo ya kawaida. Dabo ni ya siku ya mapumziko na sikukuu. Mimi nimemwaga zege Mtumba siku ya Nane Nane, bosi akanilipa kama Jumanne yoyote, eti "si chai umekunywa?" Muziki peke yake ndio mkweli: mapigo yanakuwa mara mbili, wimbo wenyewe hauendi mbio. Mlioko saiti, kuna aliyewahi kuiona dabo ya sikukuu kwenye bahasha yake?