Maji Yapo, Ami

Nilirudi kutoka Dar es Salaam, kozi ya siku tano ya usimamizi wa miradi, nikiwa na cheti, kalamu ya leza na kiburi cha kujaza boti. Wiki mbili baadaye nikakabidhiwa mradi wangu wa kwanza: mnara wa tangi la maji kisiwani Uzi, Zanzibar.

Asiyeijua Uzi: ni hapo tu mbele ya Unguja Ukuu, unaiona kwa macho. Wakati huo habari za daraja zilikuwa bado. Watu wakipita njia ya mawe katikati ya mikoko. Maji yakipwa unapita na gari, yakijaa njia haipo. Mtoto wa darasa la kwanza kule anajua. Miye mtoto wa mjini niliijua njia hiyo kwenye ramani ya simu, na simuni imechorwa mstari mweupe, mkavu, saa zote.

Nikachora chati ya Gantt, ile ya mistari milalo inayoonesha kila kazi inaanza lini na inakwisha lini. Mwenyewe, Henry Gantt, alikuwa Mmarekani, na katika vita kuu ya kwanza chati zake zilitumika kwao kusimamia ujenzi wa meli. Lau ningejiuliza kwa nini meli! Kwenye orodha ya vihatarishi niliandika mvua, wizi, bei ya dola na maradhi ya fundi mkuu. Mstari wa "kusafirisha saruji, Jumamosi" niliupaka kijani.

Jumamosi yenyewe ilikuwa mwezi kumi na tano. Mtu wa pwani keshaelewa. Wa bara nitamweleza. Mwezi mpevu ni bamvua, yaani maji hupwa sana na kujaa sana kuliko siku nyingine. Kwetu bamvua hupwa saa 4 hivi asubuhi na kujaa saa 10 alasiri, na baina ya kupwa na kujaa huwa karibu mita 4. Basi saa 4 ile njia ilikuwa kavu, kaa wanafukuzana juu yake, na Kanta yetu imesimama Unguja Ukuu na mifuko 60 ya saruji. Sisi tulikuwa ndani ya darasa la skuli, nawasomesha mafundi uongozi wa timu kwa projekta.

Nilipofika somo la "Kiongozi bora husikiliza", fundi mkuu alinyanyua mkono. Mzee wa Uzi, kofia ya viua, miaka arubaini ya kujenga.

"Bwana meneja, kuna suala la maji."

"Maji yapo, ami," nikamwambia kwa bashasha. "Katoni mbili, ziko nyuma kwenye gari."

Mafundi wakatazamana. Mzee akashusha mkono, akaunyanyua tena.

"Siyo hayo, mwanangu. Haya mengine."

"Tutayafikia kwenye mengineyo, ami. Tufuate ajenda."

Mengineyo tuliyafikia saa 6 na nusu, adhana ikaadhiniwa, nikafunga kikao. Nikatangaza kwamba tumemaliza kwa wakati.

Baada ya sala tukapanda gari. Nikamwona ami anavua makubadhi, anayafunga kwa kamba na kuyaning'iniza shingoni, kisha anapandisha suruali mpaka magotini. Nikajisemea, wazee wana mambo yao. Dereva alikuwa wa kukodi kutoka mjini, naye alipoona njia imeanza kung'ara maji alipunguza mwendo akanitazama. Nikamwonesha chati. Saa 8 tunashusha mzigo.

Kozini tulifundishwa kwamba kila mradi una njia yake kuu, yaani mfuatano wa kazi ambazo ikichelewa moja tu, mradi mzima umechelewa. Yangu ilikuwa inazama huku naitazama. Tulipofika katikati ya mikoko gurudumu la mbele likaingia shimoni, injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Kimya. Halafu nikasikia maji yanavuma chini ya miguu yangu, ndani ya gari.

Dereva akakwea juu ya kichwa cha gari. Miye nikashuka, maji kiunoni, kompyuta nimeibeba kichwani kama mwanamke na ndoo. Simu ikalia. Mkubwa wangu wa mjini.

"Vipi, mradi unakwenda?"

"Unakwenda na maji, mkubwa."

"Vizuri, vizuri. Tangi hilo wanalihitaji sana."

Ami ndiye aliyepiga ukelele kuelekea kisiwani. Zikaja ngalawa mbili na vijana wasiopungua ishirini. Hakuna aliyeuliza ajenda. Akawapanga yeye, huyu apokee, yule apakie, wewe meneja shika kamba hapo usiiachie. Nikaishika. Mifuko 41 ikavuka salama. Ile 19 ya chini ilikuwa keshakunywa.

Saruji ikishalowa huganda vile vile ilivyo. Mifuko ile ikawa mawe, pembe zake zote zimekaa, hata mshono unaonekana. Vijana wakaipanga chini ya mwembe karibu na tangi, watu wakafanya baraza. Kila nikienda kukagua ami hunisogezea mfuko mmoja.

"Karibu viti vyako, meneja. Tuanze na mengineyo?"