Nimekosa kazi Leeds, Uingereza, ila nimeambiwa kwa nini

Juzi nipo kwenye basi narudi geto, simu ikaita, namba siijui, nikapokea nikijua ni wale wa kuuza bima. Kumbe ni dada mmoja wa kwenye ile paneli iliyonifanyia intavyuu wiki iliyopita, kazi ya kusimamia stoo. Kazi sijapata, hilo kalisema mwanzoni kabisa, halafu akaniuliza kama nina dakika kumi anieleze nilipokosea. Nikashuka kituo ambacho wala sio changu ili nimsikie vizuri.

Jamani mimi nimefanya usaili nyumbani Tanzania miaka minne kabla sijaondoka na sijawahi, SIJAWAHI, kuambiwa nimekosea nini. Unaambiwa "tutakupigia", unaanza kuingia na simu mpaka chooni, baadae inatoka PDF, unashuka nayo weee hadi mwisho jina halipo, chini wameandika ambao majina yao hayapo wasisite kuomba tena nafasi zitakapotangazwa. Sawa naomba tena, nibadilishe nini sasa?

Huyu dada alikuwa na karatasi ya maksi, swali kwa swali. Kosa langu kubwa ni "sisi". Kila nikiulizwa ulifanya nini najibu tulifanya: tulihesabu mzigo, tuligundua upotevu, tukapunguza hasara. Anasema paneli ilibaki inajiuliza wewe mwenyewe ulikuwa wapi wakati wenzako wanafanya hayo yote! Nilicheka peke yangu pale kituoni. Mtu umekuzwa ukijitaja sana unaambiwa una majivuno, mzigo wa watu wanne ukisema "mimi" wenzako wanakununia mwezi mzima, leo adabu hiyohiyo inakunyima maksi. Huku wana mtindo wanauita STAR, unaeleza hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulifanya nini WEWE, matokeo yakawaje. Na wanataka tukio moja la kweli. Waliniambia tupe mfano wa siku mzigo ulipofika pungufu, mimi nikawaeleza "huwa nafanya hivi na hivi". Sifuri.

Kuhusu udhaifu wangu nilisema napenda kazi kupita kiasi. Anasema siku hiyo walilisikia mara tatu lol. Na mwisho "una swali lolote?" nikajibu hapana, nashukuru sana, nikadhani nimemaliza kistaarabu. Kwetu paneli watu watano wameshachoka, nje wapo arobaini wanasubiri, na wewe uanze kuwahoji, wewe nani? Wenzetu wakaona sina hamu na kazi yenyewe, maana hata sikuuliza ningesimamia watu wangapi. Ile ya kubaki nimesimama mpaka niambiwe kaa hakuihesabu kama kosa, ila aliniuliza kama kiti kilikuwa na shida.

Najua mshaanza. "Mbeba boksi kapata mdomo." Ndio nabeba boksi, kwani nimeficha? Hiyo kazi niliyokosa ilikuwa ya kuwasimamia wanaobeba. Na wala sisemi huku ni peponi, kuna sehemu nimeomba nikajibiwa na mashine saa tisa usiku, nyingine kimya mpaka leo, na hakuna sheria inayomlazimisha mwajiri akupigie kukupa mrejesho. Kinachonigusa ni kwamba ukitaka unaweza kuomba kwa maandishi upewe taarifa zako, pamoja na yale waliyoyaandika kukuhusu wakati wanakuhoji, na kwa kawaida wana mwezi 1 wa kukujibu. Mtasema ndo Ulaya hiyo. Na sisi je? Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika 2023, nayo inampa mtu haki ya kuziona taarifa zake. Nani kati yenu ameshaitumia kuulizia usaili? Mimi mwenyewe sijamsikia hata mmoja.

Na kusema ukweli hawa jamaa wa huku ungewapeleka kwenye usaili wetu wasingetoboa. Mtu anatoka Kigoma na basi hadi Dodoma, kula na kulala juu yake, bahasha kwapani ina vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa, statement of results hawataki, anafanya mtihani wa mchujo kwenye ukumbi uliojaa, akipita ndo aitwe ana kwa ana. Watu wetu ni vyuma bana, mtu kama huyo unamnyimaje hata sentensi mbili?

Kuna atakayesema tatizo la nyumbani ni kimemo, mrejesho wa nini wakati nafasi ina mwenyewe. Hapo ndo pananiuma zaidi, kwa sababu na mimi nimelaumu kimemo miaka yote minne. Kila nikikosa, kapewa mtoto wa fulani. Juzi nikiwa nimesimama kituoni nikaanza kuzikumbuka zile intavyuu zangu moja moja, mle ndani nilikuwa najibu "tulifanya, tulifanya" na ile ya udhaifu nilijibu hivyohivyo. Pengine mbili kati ya hizo nilikuwa mbovu tu, na nimemchukia mtoto wa watu bure. Nitajuaje?

Jana mpwa wangu wa Morogoro ameniandikia, alifika mpaka ana kwa ana, PDF imetoka jina hamna. "Shikamoo mjomba, nimekosea wapi?" Nikamwambia anisimulie kila swali na alichojibu, neno kwa neno, asinirembee. Ametuma voisi ya dakika 11. Nipo dakika ya tatu na ameshasema "tulifanya" mara sita.