Acha kasri, nionyeshe jiwe la kusagia

Ukimuuliza mtu Scotland atakwambia kilti (zile sketi za wanaume), makasri na lile dude la hadithi la ziwa Loch Ness, basi. Sawa tu, ila mi naona ukitaka kujua wanakijiji wa kule waliishije kasri halikusaidii, tafuta jiwe la kusagia.

Ni mawe mawili ya duara, la juu lina tundu katikati la kutilia nafaka na kitundu pembeni cha kuchomeka mti, wanawake wawili wanakaa chini wanazungusha huku wanaimba, yaani bibi yeyote wa kwetu ungempa angesaga bila kuelekezwa. Sasa enzi hizo kabaila naye alikuwa na kinu chake cha maji, na wapangaji wake walilazimika kusaga pale pale na kuacha sehemu ya unga kama malipo, kwa hiyo jiwe la nyumbani likawa kama mtambo wa gongo, la kufichwa, na kuna sehemu yalikamatwa yakavunjwa. Kwa hiyo ukikuta nusu jiwe usikimbilie kusema lilidondoka.

Halafu boriti za paa. Visiwa kama Lewis miti karibu hakuna, mbao nyingine waliokota ufukweni zimeletwa na bahari, ndo maana mtu akihama kuta za mawe aliziacha ila boriti alibeba. Mwaka 1814 kule bonde la Strathnaver, Patrick Sellar, msimamizi wa ardhi ya kabaila, alipokuwa anawatoa watu ili waingie kondoo, boriti zilichomwa moto wasije wakajenga tena! Alishtakiwa, 1816 akaachiwa huru.

Na kijijini Arnol, hukohuko Lewis, ipo nyumba ambayo watu waliishi mpaka miaka ya 1960, haina bomba la moshi, moto wa udongo mweusi wa kinamasi uliokatwa kama matofali ukakaushwa unawaka katikati, moshi unapenya kwenye nyasi za paa, na nyasi zikishajaa masizi zilienda shambani kuwa mbolea, ng'ombe nao walikuwa humohumo. Wengine wanaita ushamba, mi naita akili, japo macho lazima yaliwasha bana.

Bahati nzuri kuna mama mmoja, Isabel Grant, aliyakusanya haya makorokoro wakati wenzake wanayatupa, 1935 akayapanga kwenye kanisa lililoachwa kisiwani Iona. Siku hizi yako kwenye makumbusho kule Newtonmore, ukifika usianzie dukani kwenye vitambaa vya tartani, vile vya mirabamiraba vya kilti.