Korodani Iitwe kwa Jina Lake

Miezi michache iliyopita mpwa wangu mwenye umri wa miaka 31 alikuja nyumbani kwangu Ngamiani, hapa Tanga, akiwa na majibu ya maabara ndani ya bahasha ya kaki. Hakukaa kama ilivyo kawaida yake, bali alisubiri hadi watoto walipotoka ukumbini, ndipo akaniwekea karatasi mkononi na kidole chake juu ya neno moja. "Mjomba, hapa wameandika seminoma," akasema kwa sauti ya chini. "Mama ameambiwa ni ugonjwa wa manii, kwamba unawapata wanaume wasiotulia. Ni kweli?"

Nilimjibu palepale kwamba si kweli, na kwamba seminoma ni aina ya saratani ya korodani. Lakini swali lile limenikaa moyoni, kwa sababu kijana aliyekuwa ametoka kutolewa korodani moja alikuwa akijitetea mbele yangu kana kwamba ameshtakiwa, na shtaka lenyewe lilikuwa limezaliwa na neno lililotafsiriwa nusunusu.

Neno hilo limeunganishwa kutoka lugha mbili. Sehemu ya kwanza ni ya Kilatini, semen, yenye maana ya mbegu, iwe ya mmea shambani au ya mwanamume. Sehemu ya pili, -oma, ni ya Kiyunani, na waganga huitumia kutaja uvimbe, kama tunavyoisikia katika limfoma na melanoma. Mwaka 1906 daktari wa upasuaji Mfaransa, Maurice Chevassu, aliutumia muungano huo kuuita uvimbe wa korodani ambao aliona asili yake ni chembe zinazozaa mbegu za kiume. Kwa hiyo jina linataja chembe ambazo uvimbe umeanzia, wala halisemi lolote kuhusu mwenendo wa mgonjwa. Jambo linalojulikana kuongeza hatari ni mtoto wa kiume kuzaliwa korodani yake ikiwa haijashuka mahali pake, na mtoto mchanga hawezi kulaumiwa kwa hilo.

Ni kosa pia kudhani kwamba seminoma ndiyo saratani ya korodani yote. Ni aina mojawapo, na takribani nusu ya saratani zinazotokana na chembe hizo za uzazi ni za aina hii. Nyingine zote huwekwa katika kundi ambalo wataalamu hulitaja kwa kukanusha tu, yaani zisizo seminoma. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa wodini, kwa kuwa seminoma husikia sana tiba ya mionzi, na zile nyingine haziisikii kwa kiasi hicho. Ndiyo maana naona afadhali mgonjwa aandikiwe "saratani ya korodani, aina ya seminoma" kuliko kuachiwa neno moja tupu la kigeni, au kupewa tafsiri ya haraka kama "ugonjwa wa mbegu," ambayo jirani anaweza kuigeuza atakavyo.

Sisi wa pwani tuna tatizo jingine, nalo ni wingi wa majina tuliyoyarithi. Matende na mabusha yaletwayo na mbu tumeishi nayo vizazi na vizazi, na kwa hiyo uvimbe wowote wa huko chini tunauita busha, au mshipa, au ngiri, kisha tunatulia. Mpwa wangu alikwenda kwenye zahanati moja akaambiwa ni mshipa, akapewa vidonge, akarudi, akapewa vingine, na miezi mitatu ikapita bila ya mtu kumgusa. Alinieleza kwamba alipojipapasa alisikia kitu kigumu mfano wa kokwa ya tende, kisichouma hata akikibonyeza. Kutouma huko ndiko kulikompumbaza, na ndiko kunakowapumbaza wengi. Busha ni maji, hata tochi ikimulikwa nyuma yake mwanga hupenya. Uvimbe mgumu hauupitishi mwanga, na kipimo cha ultrasaundi humaliza ubishi.

Halafu ipo tezi dume. Matangazo ya saratani ya wanaume tunayoyasikia redioni huizungumzia hiyo zaidi, nayo ni maradhi ya watu wazima sana, ilhali saratani ya korodani huwapata zaidi vijana wa kati ya miaka 15 na 40. Kijana anayesikia kwamba saratani ya wanaume ni ya wazee hujiona salama. Mhadhiri naye akisema "sehemu za siri" kwa kuogopa kutamka korodani, kijana hajui aguse wapi wala atafute nini. Heshima ya lugha yetu naipenda, lakini korodani ni neno la heshima tosha. Lipo katika kamusi na halimvunjii mtu adabu.

Mtu akiwahi, ugonjwa huu unatibika kuliko saratani nyingi. Korodani yenye uvimbe hutolewa kwa kupasuliwa kinenani, na tangu dawa iitwayo cisplatin ianze kutumika katika miaka ya 1970, hata waliochelewa wengi wamepona. Katika nchi zenye huduma kamili, zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100 hupona. Korodani inayobaki, ikiwa nzima, kwa kawaida hutosha kwa sauti, ndevu na uzazi.

Jioni ile nilikwenda kwa dada yangu Makorora, nikamweleza haya yote bila kuficha neno. Alinyamaza kitambo, akikunjakunja pindo la kanga yake. "Kwa hiyo, kaka, ni korodani," akasema, na sikumbuki kumsikia akilitamka neno hilo kabla ya siku ile. Kisha akaniuliza nauli ya kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, ni kiasi gani kwa watu wawili.