Barua ya tatu

Jumatatu asubuhi nilimwandikia profesa wangu hapa Marekani kumwomba barua ya mapendekezo kwa ajili ya ruzuku ndogo ya utafiti, kisha nikajiandaa kusubiri, kwa maana nimelelewa kusubiri. Saa kumi jioni, siku hiyohiyo, akanijibu: barua ameshaianza, ataituma Jumatano, na je, kuna jambo kuhusu kazi yangu ambalo nisingependa alisahau? Niliusoma ujumbe ule mara tatu nikiwa nimesimama kwenye korido ya maabara. Jumatano barua ikaenda.

Usiku wa Jumatatu hiyo ukaingia ujumbe wa sauti kutoka nyumbani, Tanzania. Ni binti mmoja, mhitimu wa sayansi za maabara ya tiba, ambaye tangu Agosti nimekuwa nikimsaidia maombi ya shahada ya uzamivu. Sauti ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia. “Dada, barua mbili za mapendekezo zimeingia. Ya tatu bado. Leo nimekwenda ofisini kwa mwalimu mara ya tano, naambiwa yuko semina Dodoma.”

Mliosoma vyuo vyetu mnalijua hilo benchi lililo nje ya mlango wa ofisi. Mnamjua katibu muhtasi, mnaujua mlango uliofungwa na koti lililoachwa kwenye kiti. Sina cha kuwaeleza.

Kwa wasioijua safari yenyewe: programu nyingi za uzamivu za sayansi za tiba hapa Marekani hufunga dirisha la maombi karibu na Desemba 1. Usaili ni Januari na Februari, na ukipewa nafasi, kwa kawaida una hadi Aprili 15 kukubali au kukataa. Zinatakiwa barua tatu. Hubebi bahasha yenye muhuri. Mfumo unamtumia mwalimu kiungo kwa barua pepe, naye anapakia barua yake mwenyewe. Fomu inakuuliza pia kama unaiacha haki yako ya kuisoma barua hiyo, haki iliyowekwa na sheria ya mwaka 1974, na karibu kila mtu huiacha, ili mwalimu aandike kwa uhuru. Kwa hiyo ada umelipa, alama unazo, insha umeiandika mara kumi na mbili, na bado yote yanaweza kuangushwa na mtu mmoja asiyefungua barua pepe.

Mimi nilipoomba, mmoja wa walimu aliniambia, “Andika mwenyewe, uniletee nisaini.” Nikaandika. Nikasema mimi ni mchapakazi, mwadilifu, mwenye nidhamu, kwa kuwa ndivyo barua zetu zinavyoandikwa. Baadaye sana profesa wangu, ambaye amewahi kukaa kwenye kamati ya udahili, akanieleza wanachokitafuta humo: jaribio gani lilimshinda mwanafunzi huyu, na kesho yake alifanya nini? Aliuliza swali gani ambalo mwalimu hakulitarajia? Nilipomsikia niliumia, maana mwalimu wangu alikuwa na majibu yote. Alikuwepo siku umeme ulipokatika mashine ya PCR, ile ya kunakili DNA, ikiwa katikati ya mizunguko, tukabaki na sampuli chache, nikazipanga upya na kurudia kazi hadi alfajiri. Aliona kwa macho yake. Barua haikusema lolote kuhusu usiku ule, kwa sababu aliyeiandika hakuwa yeye, na mimi sikujua kwamba jambo kama lile lina thamani.

Najua nitakachoambiwa. Umefika Marekani juzi, leo unawatukana walimu waliokutoa gizani. Mwacha asili ni mtumwa. Hapana. Mimi ni mtoto wa Newala, kusini mwa Tanzania, na kirusi ninachokichunguza maabara kina jina lililotoka katika lugha ya bibi yangu. Chikungunya ni neno la Kimakonde, la mwili kujikunja kwa maumivu ya viungo, na ugonjwa huo ulielezwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa kwetu wa mwaka 1952 hadi 1953. Dunia nzima inalitamka neno hilo, na kila ninapolisikia kwenye semina hapa St. Louis moyo wangu unajaa. Kipokezi cha Mxra8, ambacho kirusi hicho hukitumia kuingia kwenye seli, kilibainishwa mwaka 2018. Leo nafanya kazi juu yake, na mikono ninayofanyia kazi hiyo ilifundishwa Tanzania. Nilikuja nikijua kusoma slaidi ya damu iliyotiwa rangi ya Giemsa, kutoa damu kwa mtoto anayelia, kueleza ridhaa ya utafiti kwa mzee asiyejua kusoma. Baadhi ya wenzangu hapa wanaandika kuhusu malaria na hawajawahi kumwona mgonjwa wa malaria. Nauli na dola 350 za SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, na 185 za viza zililipwa na korosho za baba na michango ya ukoo. Nitamsahau nani?

Mwingine atasema: huko fedha zipo. Ni kweli zipo, ingawa si kwa kila mtu. Ruzuku za mafunzo za NIH, yaani Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, ziitwazo T32 hazimlipi mgeni kama mimi. Ni za raia na wakazi wa kudumu. Na fedha hizo zinaweza kukauka: Machi 2025 UMass Chan, chuo cha tiba huko Massachusetts, kilifuta nafasi kilizokwisha kuwapa wanafunzi wa uzamivu, kwa sababu ya mashaka ya fedha za utafiti za serikali. Vijana waliokuwa wameshafurahi na wazazi wao wakaambiwa basi. Sijaja kuwauzia pepo.

Lakini kujibu barua pepe kunahitaji ruzuku gani?

Mzigo, mtasema. Mwalimu wa nyumbani asubuhi yuko wodini, mchana ana darasa la wanafunzi mia tatu, jioni kamati. Hilo nalikubali kabisa, na linaniuma kwa niaba yake. Hapa profesa anaandika barua kwa sababu barua ni sehemu ya kazi yake. Programu inapoomba ruzuku ya mafunzo, NIH inataka majedwali: wanafunzi walioingia, waliomaliza, miaka waliyotumia, walipo leo. Mwanafunzi akikwama, jedwali linaonyesha. Kwetu nani anaulizwa? Rasimu ya sura yangu ya pili ya uzamili ilikaa mezani kwa mtu miezi minane, ikarudi na alama moja ya kalamu nyekundu, na hakuna aliyeulizwa.

Wala msiniambie haiwezekani. Mwalimu wangu wa tatu, mzee aliyenifundisha hadubini, nilimpigia zikiwa zimebaki siku mbili. Alikuwa msibani kijijini. Aliandika barua yake kwa simu, akapanda bodaboda hadi mahali penye mtandao, akaipakia. Ilikuwa fupi na ina makosa mawili ya chapa, lakini aliiandika yeye. Ninaamini ndiyo iliyonifikisha hapa.

Leo Alhamisi ni sikukuu ya Shukrani, maabara imefungwa, ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika. Barua ya tatu ya yule binti bado haijaingia. Mwalimu, popote ulipo, shikamoo. Tafadhali tazama hata folda ya taka, maana ujumbe wa mifumo hii mara nyingi huangukia humo. Aya tatu zinatosha. Eleza siku uliyomwona akifanya kazi. Dirisha linafungwa Jumatatu saa sita kasoro dakika moja usiku kwa saa za hapa, na kwenu itakuwa Jumanne, saa tatu kasoro dakika moja asubuhi.