Kupigia mstari katika somo la ufahamu: mbinu au pambo?

Mwalimu wa darasa la nne anapowaagiza wanafunzi wapigie mstari mambo muhimu katika kifungu cha ufahamu, hudhani kwamba amewapa nyenzo ya kujibia maswali, kumbe amewaongezea swali gumu kuliko yote yaliyo chini ya kifungu hicho, yaani kuamua lipi ni muhimu. Tuseme kifungu kinasimulia kwamba Juma alifika shuleni saa tatu na kukuta wenzake wamekwisha kuanza mtihani, kwa sababu mto anaouvuka kila asubuhi ulikuwa umefurika. Mtoto wa miaka tisa atapigia mstari Juma, saa tatu na mtihani, maana majina na nambari hujitokeza vyenyewe; maneno "kwa sababu", yanayoishikilia habari nzima, atayapita.

Wanaoitilia shaka mbinu hii wana ushahidi. Mwaka 2013, John Dunlosky wa Chuo Kikuu cha Kent State nchini Marekani pamoja na wenzake wanne walipitia mbinu 10 za kujisomea, wakaiweka hii katika daraja la chini, huku kujipima kwa maswali na kugawa masomo katika vipindi vilivyoachana vikipewa daraja la juu. Walionya pia kwamba inaweza kumdhuru msomaji pale anapotakiwa kuunganisha mambo yaliyo katika aya tofauti, kwa kuwa kila mstari humfungia kwenye kipande kimoja. Nami nimewahi kuona kurasa zilizopigwa mistari juu hadi chini, ambazo hazimwelekezi mtu popote.

Hata hivyo, wanaoichukua hukumu hiyo na kuitupa mbinu yote wanakwenda mbali mno. Uchambuzi wa watafiti Ponce, Mayer na Méndez, uliojumlisha tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba alama zilizowekwa na mwalimu kwenye maandishi ya kusomwa ziliwafaa wanafunzi wa shule na wa vyuo, ilhali zile ambazo wasomaji walijiwekea wenyewe ziliwafaa wa vyuo kuliko wa shule. Kwa maoni yangu, tatizo si mstari wenyewe bali ni kumkabidhi mtoto kalamu kabla hajaona mtu mzima akichagua. Mwalimu akiandika aya ubaoni, akaisoma mara ya kwanza bila kugusa chochote, kisha akauliza "Kwa nini Juma alichelewa?" na kutafuta jibu kwa sauti mbele ya darasa, watoto wanasikia jinsi anavyokataa neno hili na kukubali lile. Kukataa ndiko kugumu kufundishika, na ndiko kutakakomfaa mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, atakapokutana na ufupisho, ambao humtaka atoe hoja kwa idadi maalumu ya maneno.

Kuna faida nyingine isiyotajwa sana: mstari humwonyesha mwalimu fikra za mtoto zikiwa bado njiani. Anapopita kati ya madawati huona mara moja nani ameshika kiini na nani anaokota majina, jambo ambalo jibu lililokosewa halimwelezi.

Katika shule zetu nyingi, lakini, kitabu ni mali ya shule, hutumiwa na watoto wawili au zaidi, na mwakani kitakwenda kwa wengine. Kukiandika ndani ni kosa. Mbinu iliyokulia kwenye karatasi za kugawiwa kila mtu haiwezi kuhamishwa ilivyo. Mwanafunzi anaweza badala yake kunakili daftarini maneno yasiyozidi matano kwa kila aya, na pengine hilo ni bora zaidi, kwa sababu mkono unaochoka kunakili huchagua kwa ubahili, ilhali kalamu ya rangi huteleza tu juu ya sentensi nzima. Mtoto aliyenakili "mto", "umefurika" na "kachelewa" anaweza kufunga kitabu na kumsimulia mwenzake kisa cha Juma, na mwalimu akasikiliza kama sababu imetajwa.